Jaa juu ya kitanda cha bibi

Bibi alivunjika nyonga mwaka jana, na tangu hapo ngazi za kwenda juu si zake tena. Nyumba yetu iko Mkomani, mtaa wa Lamu, ya mawe. Zamani joto la kaskazi likizidi alikuwa akipanda kulala juu, mkeka ameusogeza nje ya makuti ili aone mbingu. Sasa analala chini, anachokiona ni dari. Siku moja nampelekea chai akasema, "Boriti nimezihesabu, ni kumi na tisa." Basi, hakuongeza neno.

Mashine ya kwanza ya kumulika nyota darini niliinunua Mombasa, ya leza. Mle ndani mwale mmoja wa kijani hupitishwa kwenye kioo chenye mistari midogo mno, ukatawanyika kuwa vidoa maelfu, vyote saizi moja, na juu yake wingu la zambarau linajizungusha. Bibi alitazama kidogo, akauliza, "Vimulimuli hivi umevitoa wapi?" Nikampa mpwa wangu, na onyo asiichungulie.

Ya pili ni ya diski, ukoo mmoja na Homestar iliyotoka Japani mwaka 2005, ile aliyoshiriki kuibuni Takayuki Ohira, mtengenezaji wa mashine za nyota. Taa ndogo humulika diski yenye picha ya mbingu, lenzi ikaikuza hadi darini. Hapa nyota ni za kweli, kila moja mahali pake, nyingi ndogo kuliko jicho letu linavyoweza kuona hata usiku wa giza totoro.

Kazi ikawa ni hizo boriti. Kwanza niliiweka mashine kidakani, nikajiona mjanja, lakini kwa vile ilitupa mwanga kwa mshazari, duara likawa yai, upande mmoja mkali na mwingine ukungu mtupu. Nikaishusha sakafuni, ikitazama juu wima. Hapo nyota zilizoangukia boriti zikamezwa na weusi wa mti, na nikikaza lenzi kwa ajili ya zilizo kati ya boriti, za kwenye boriti zinavimba. Dari iliyovunjikavunjika namna hiyo haitaki nyota.

Nikanunua bafta nyeupe, nikaifunga kwa kamba ya nailoni kwenye misumari iliyokuwa ya chandarua. Bibi akafumbua macho asubuhi. "Sanda hiyo umeniwekea karibu hivyo, mwanangu, una haraka?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Tatizo likabaki pangaboi: ikizunguka, bafta inapepea na nyota zinayumba kama ziko majini. Ilibidi niikaze kitambaa kila upande, nifunge madirisha, nibandike utepe kwenye kile kitaa cha buluu cha mashine, kisha tukae kimya robo saa hivi macho yazoee.

Ndipo akanyoosha kidole pembeni. "Kilimia kile." Kishada kile cha nyota alikijua kabla yangu. Akaisema na ile ya wakulima, kwamba kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Akaendelea kukifuata kwa macho huku diski ikizunguka, muda mrefu, kisha akanuna. "Mbona hakizami? Kinazunguka tu kama ngamia wa kinu."

Nikamweleza kwamba diski hii imetengenezewa watu wa kaskazini. Sisi Lamu tuko digrii mbili tu kusini mwa ikweta, kwetu nyota hupanda wima zikashuka wima, na hata Msalaba wa Kusini haumo humu. Nilikuwa naomba radhi, namwahidi kumtafutia diski nyingine, naye hanisikilizi.

"Na ile ya katikati isiyohama?"

Nyota ya kaskazini, nikamwambia.

"Jaa?"

Mpwa wangu akaangua kicheko, yeye jaa analijua la taka tu. Lakini babu alikuwa nahodha, akipakia boriti hapa kupeleka Arabuni, na manahodha wa zamani njia yao waliipima kwa jaa, vidole vingapi juu ya bahari. Hapa kwetu haionekani, iko chini ya upeo. Ukielekea kaskazini inachomoza, na kila ukienda inazidi kupanda, hata ukifika Maskati iko digrii 23 na ushei. Babu alimhadithia hayo kila aliporudi.

"Nikijua anatia chumvi," bibi akasema. "Nyota itoke baharini, tena isimame pale pale usiku kucha! Nikimwitikia tu."

Akaniambia niisogeze mashine, maana jaa ilikuwa imeangukia kwenye mshono wa bafta. Nikaisogeza shubiri moja.

Diski ya kusini nimekwisha kuipata, imo kidakani ndani ya kisanduku chake, hajaniruhusu kuitia. Mashine hujizima yenyewe baada ya saa moja. Jana saa saba za usiku akaniita, nikadhani nyonga imemuuma, nikakimbia.

"Njoo," akasema gizani. "Jaa imezama."