Ziwa la runinga na ziwa letu

Wiki hii runinga ilirudia kile kipindi cha wanyamapori ambamo Ziwa Nakuru linapigwa picha kutoka angani, ufuo mzima umejaa heroe, yaani flamingo, hadi maji hayaonekani, yote ni waridi tupu. Nakipenda sana. Binti ya kaka yangu, ambaye yuko kwangu likizo hii, alisogea karibu na skrini akaniuliza, "Shangazi, hili ni letu hili la hapa?" Nikamwambia ni letu, ila ni la miaka ya nyuma.

Tangu mwaka 2010 hivi maji yamekuwa yakipanda. Ziwa lililokuwa la takriban kilomita 40 za mraba limepita 60. Lango kuu la zamani la hifadhi lilimezwa, na huku Mwariki na Barut kuna watu waliohama makwao maji yalipoingia mashambani na nyumbani. Hakuna mto unaotoka ziwani. Yale yanayoletwa na mito ya Njoro, Makalia na Nderit huondoka hasa kwa kugeuka mvuke juani. Mvua zikizidi, magadi yanazimuliwa, na ule mwani mdogo ambao heroe huuchuja kwa mdomo, kichwa kikiwa chini juu, unapungua. Hata waridi la manyoya yao hutokana na chakula hicho. Kwa hiyo wengi wao huenda Ziwa Bogoria, na wengine kwingineko kwenye maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa. Hurudi wakipenda, kwa makundi madogo au makubwa. Kamwe hawakuwa wafungwa wa Nakuru.

Runinga haina nafasi ya haya yote, naelewa. Lakini inaniuma mtoto wa Nakuru akikua akidhani ziwa lake limeharibika kwa sababu tu halifanani na lile la kwenye kioo.

Usiku, nyumba ikishatulia, huwa naperuzi maduka ya mtandaoni. Nilikuwa nikitafuta picha ya turubai ya kutundika sebuleni. Andika Nakuru, utaletewa waridi lile lile. Nilitaka moja yenye migunga iliyokufa imesimama majini, maana hiyo ndiyo sura ninayoiona mimi, na kwangu ina uzuri wake mzito. Sikuipata. Pesa zile nikanunulia darubini. Nilisoma maoni ya wanunuzi hadi macho yakachoka, hasa yale ya nyota mbili na tatu, kwa kuwa ndiyo yanayoeleza kitu. Nililipa kwa M-Pesa baada ya kuufungua mzigo na kuukagua, mwenye boda akinisubiri kwa subira. Nashukuru sana kwa biashara hii ya mtandaoni. Zamani kitu kama hicho ungekifuata Nairobi.

Jumamosi tukaingia hifadhini. Kutoka juu ya Baboon Cliff mtoto alishika darubini na hakutaka kuirudisha. Aliona mwari, wale ndege wakubwa wenye mfuko mdomoni, wakivua kwa pamoja, wamejipanga nusu duara, midomo ikizama kwa mpigo mmoja. Aliona furukombe juu ya mgunga mkavu, na mnandi wakianika mabawa. Nikamsimulia kwamba zamani hakukuwa na samaki humu: perege wadogo wanaostahimili magadi waliletwa kutoka Ziwa Magadi kuanzia miaka ya 1950 ili wale viluwiluwi vya mbu, na samaki walipozaana, mwari nao wakaja. Akataka kujua kama mwari walialikwa. Nikasema hapana, walisikia harufu ya karamu. Hilo lilimridhisha, na mimi pia, ingawa mtaalamu wa ndege angeweza kulieleza vizuri zaidi.

Mbali sana upande wa pili kulikuwa na mstari mwembamba, heroe wachache. Aliwatazama, akarudi kwa mwari wake.

Sasa anataka Bogoria. Tumekubaliana na kaka yangu twende wakati wa likizo ya Desemba, tupitie Mogotio, tuone heroe na zile chemchemi za maji yanayochemka. Darubini ni moja nasi tutakuwa watano, kwa hiyo jana usiku nilirudi kwenye lile duka kuangalia ya pili. Bei imepanda. Nimeiweka kwenye kikapu, nitaingoja ishuke.