Niliambiwa miezi ya mwisho kliniki haina kazi tena

Wifi yangu amezaa wanne, wote wazima, na hakuna aliyenishauri vibaya kuliko yeye. Mimba yangu ilipofika wiki ya 30 aliniambia, "Wifi, kliniki ya nini tena? SP ya kuzuia malaria umemeza, sindano ya pepopunda umechoma, kadi imejaa. Subiri uchungu tu." Ilikuwa Oktoba, korosho zinaanguka, kila mkono unahitajika shambani. Kutoka kwetu hadi zahanati ni zaidi ya saa moja kwa miguu kwenye mchanga wa huku Tandahimba, Mtwara, na miguu yangu ilishaanza kujaa. Basi nikamsikiliza. Wiki nne sikukanyaga kliniki, na wiki hizo nne bado zinaniuma.

Kilichonirudisha ni hofu. Jioni moja nimetoka kuokota korosho, nimekaa barazani nikajiuliza: leo mtoto amecheza mara ngapi? Sikukumbuka hata mara moja. Asubuhi nilijiambia nitahesabu kichwani huku naokota, nikafika mbili au tatu, nikachanganya na hesabu ya ndoo, nikaacha. Sasa giza linaingia na tumbo limetulia kama jiwe. Nikanywa maji, nikajilaza, nikaligusagusa. Kimya. Mume wangu akaenda kumwita kijana wa bodaboda, tukapakizana watatu usiku ule, mimi katikati nimeshika tumbo kwa mikono miwili.

Mkunga anakaa nyumba ya watumishi nyuma ya zahanati. Alitoka na kanga begani, akanilaza, akapapasa tumbo akitafuta mgongo wa mtoto uko upande gani, kisha akaweka kile kifaa chake kama pembe na sikio lake juu. Muda ule ulikuwa mrefu. Mume wangu alisimama mlangoni hakuthubutu hata kukohoa. Mkunga alitazama saa yake ya mkononi dakika nzima, akainua kichwa: "142. Mapigo mazuri, yanatakiwa kuwa kati ya 110 na 160." Nikalia.

Hakunigombeza kwa kumwamsha. Alinigombeza kwa kukaa na wasiwasi tangu jioni bila kuja. Akanieleza kwamba nikitembea na kuinama mtoto anabembelezwa, analala, na hata akicheza mimi sisikii kwa sababu akili iko kwenye kazi. "Chagua saa moja kila siku, ukishakula. Lala ubavu wa kushoto, usifanye kingine. Ukikosa kufikisha mara kumi ndani ya saa mbili, usingoje kuche, njoo."

Hapo nikabuni njia yangu, na nitaisimulia kwa sababu naiona nzuri. Nilichagua korosho kumi, nikazifunga kwenye pindo la kanga. Kila siku saa mbili usiku, nimeshakula, najilaza ubavu mkekani, nafungua fundo, bakuli la bati liko mbele yangu. Mtoto akipiga teke au akijigeuza, natupa korosho moja bakulini. Inalia *ting*. Sihitaji kukumbuka chochote. Baada ya siku tatu nyumba nzima ilikuwa inahesabu na mimi. Bibi yangu mzaa mama, ambaye macho yamepungua nguvu lakini masikio ni mazima, alikuwa akisikia mlio kutoka chumba cha pili anauliza, "Ya saba hiyo?" Namjibu, "Ya nane, bibi." Siku nyingi kumi zilitimia kabla ya nusu saa. Mwanangu wa kwanza alijifunza kuhesabu hadi kumi kwa bakuli lile.

Usiku ule mkunga alinipangia kurudi keshokutwa nikapimwe vizuri, na ndipo nilipoona kwamba kazi ya kliniki ya miezi ya mwisho si ile ya mwanzo. Alinipima kimo cha tumbo kwa utepe, kuanzia mfupa wa kinena hadi juu ya mfuko wa uzazi. Ukiwa wiki ya 34 namba inatakiwa kuwa karibu na sentimita 34, ikipishana sana anatafuta sababu. Akatafuta kichwa cha mtoto kiko wapi. Akapima presha, mkojo, wingi wa damu. Kwangu damu ilikuwa 9.8, na inatakiwa isipungue 11. Akaniuliza taratibu, "Mama, unakula udongo?" Nikasema hapana. Akaandika, akaniuliza tena bila kunitazama. Nikasema ndiyo, pemba, vipande kama vinne kwa siku. Udongo ule, alisema, unazuia mwili kufaidi madini ya chuma, nami namezea vidonge vya fefo, vile vya kuongeza damu, juu yake kila siku. Tena vile vidonge nilikuwa navisindikiza na chai ya rangi, nayo inazuia vilevile. Nikahamia kwenye maji na embe, maana zilishaanza kuiva, na kisamvu hatukosi. Pemba ilinichukua siku tano kuiacha, na siku hizo tano sikuwa mtu wa kusemeshwa.

Jambo gumu zaidi lilikuwa chupa ya bibi. Bibi alishanichemshia dawa ya mizizi ya kulainisha njia, ya kunywa nikiingia mwezi wa tisa, kama alivyomnywesha mama yangu na yeye alivyonyweshwa. Mkunga alipoisikia alikunja uso. Dawa za namna ile zinaweza kuubana mfuko wa uzazi kwa nguvu kupita kiasi, mtoto akakosa hewa, hata mfuko ukachanika. Lakini mimi nitamwambiaje bibi yangu kwamba dawa yake haifai? Ndiye aliyenilea, na unyagoni ndiye aliyenishika mkono.

Sikumwambia. Nilimwomba anisindikize kliniki. Tulikwenda polepole, tukipumzika chini ya kila mkorosho mkubwa. Mkunga akamwamkia, "Shikamoo bibi," akampa kiti, akamwuliza yeye amezalisha wangapi kijijini. Wakazungumza kama watu wa kazi moja. Halafu mkunga akaweka ile pembe tumboni kwangu, akasema, "Bibi, njoo umsikilize mjukuu." Bibi akainama, akaweka sikio. Alikaa pale muda mrefu, mdomo wazi. Alipoinuka alisema, "Anakwenda mbio kama mtu anayekimbia mvua." Ndipo mkunga akamweleza habari ya dawa: kwamba mbio zile mfuko ukibanwa sana zinapungua, na huku nje hatuoni. Bibi hakujibu kitu. Tulipofika nyumbani aliichukua chupa, akaimwaga nyuma ya choo, na tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akinikumbusha tarehe ya kliniki. Kama una mkubwa nyumbani mwenye neno, usishindane naye. Nenda naye.

Wiki ya 36 nilikwenda nikiwa mzima kabisa. Nasema hivi kwa sababu ndiyo sababu ya kuandika haya yote. Kichwa hakiumi, macho hayaoni maruweruwe, chembe ya moyo haiumi. Usiku wa jana korosho kumi ziliingia bakulini kwa dakika ishirini. Vidole tu vilikuwa vimenenepa, pete haitoki, na wifi alishasema hiyo ni dalili ya mtoto wa kiume. Mkunga akafunga mkono wangu, akapima: 150 kwa 95. Akaniambia nikae nipumzike, nisiongee. Baada ya muda akapima tena: 150 kwa 96. Akachovya kijiti kwenye kikopo cha mkojo, na kile kitambaa cha njano kikageuka kijani mbele ya macho yangu. Protini.

"Hiki ndicho kinacholeta kifafa cha mimba," alisema. "Kinaanzia kwenye kondo la nyuma, na dawa yake hasa ni kujifungua. Hupati maumivu mpaka kimeshakuwa kikubwa." Mtoto alikuwa anacheza na mimi najisikia vizuri, na bado hatari ilikuwepo. Kama si kile kipimo nisingejua.

Alipiga 115, namba ya m-mama, huduma ya usafiri wa dharura kwa wajawazito, haikati salio. Gari lililokuja lilikuwa la dereva wa kawaida aliyesajiliwa kwa kazi hiyo, nauli hatukudaiwa. Tulikuwa tumeweka akiba kidogo ya mnada wa kwanza wa korosho, kama laki moja hivi, nikadhani yote itaishia njiani. Iliishia kwenye chakula cha wasindikizaji, beseni, glavu, pamba na kile kibanio cha kitovu. Begi lilikuwa tayari, doti mbili za kanga juu kabisa, hilo sina haja ya kulieleza. Mdogo wangu alikuja kwa sababu mkunga alishaniambia mapema nitafute mtu wa kunitolea damu ikihitajika.

Hospitali walinipa dawa ya kushusha presha, wakapima damu kuangalia ini na figo, wakanilaza hadi wiki ya 37 itimie. Hapo wakaanzisha uchungu kwa dawa ya kunywa, kidogo kidogo kila baada ya saa mbili. Nesi mmoja wa zamu ya usiku alinifokea nisipige kelele. Mwingine alinisugua mgongo hadi asubuhi, na huyo ndiye ninayemkumbuka. Njia ilichelewa, halafu ikafunguka yote kwa mkupuo. Msichana, kilo 2.7, alilia kabla hajatoka wote. Wifi na utabiri wake wa mtoto wa kiume sikumtajia.

Nilidhani yameisha. Siku ya tatu, nikiwa bado wodini, presha ilipanda tena kuliko mwanzo, na wakaniambia ndivyo inavyoweza kufanya, hata baada ya kujifungua, kwa hiyo nisikubali kuruhusiwa bila kupimwa na nikiumwa kichwa nyumbani nirudi mara moja. Nilirudi kupimwa siku ya saba: 138 kwa 88. Wiki ya sita: 118 kwa 76. Siku hiyo mkunga wetu alichukua kadi yangu, akaandika kwa wino mwekundu kwamba mimba nyingine nianze kliniki kabla ya wiki ya 12, ili daktari anianzishie mapema vidonge vidogo vya aspirini vya kuzuia presha isirudi. Kadi ile naitunza kwenye mfuko mmoja na cheti cha kuzaliwa cha mtoto.