Tulivyopoteana Bujora Siku ya Bulabo

Za Mwanza mjini sizisimulii sana: Saanane, jiwe la Bismarck, sato wa kukaanga, basi. Ninachotaka kusimulia ni Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma.

Ilikuwa Juni, shule zimefungwa, Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, imepamba moto. Kutoka mjini hadi Kisesa ni daladala tu, barabara ya Musoma, hata kilomita 20 hazifiki. Pale Kisesa ndipo walipotaka kutukamua. Bodaboda ya kupanda Bujora, mwendo mfupi kabisa, wakataja elfu tatu kwa kichwa. Ukilalamika, jibu ni "Sikukuu hii, mama." Tukapanda kwa miguu, mimi na wanangu wawili, vumbi hadi magotini. Juu nako soda ilikuwa karibu mara mbili ya bei ya mjini, na kivuli cha kukaa na mtoto ukitafute mwenyewe.

Makumbusho yenyewe yanastahili siku nzima. Ni kazi ya Padri David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers, aliyeanza miaka ya 1950 kukusanya mali za Wasukuma, na Bulabo yenyewe ilizaliwa na maandamano ya Ekaristi Takatifu aliyoyatia ngoma. Jumba la watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Lakini nani angemzuia mtoto ndani wakati ngoma zinalia uwanjani?

Huko hakuna meza ya majaji. Makundi ya ngoma ni mawili: Bagika wanacheza upande huu, Bagalu upande ule, kwa wakati mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Ushindani huo ni wa tangu karne ya 19, enzi za Ngika na Gumha, waganga waliogawa wachezaji wa Usukumani pande mbili. Kwa hiyo watazamaji hawatulii. Tulisimama kwenye bugobogobo, ngoma ya majembe, karibu kiasi cha kuona mipini ya majembe ilivyong'aa kwa kushikwa. Kijana mmoja alilirusha lake juu, likazunguka, akalidaka mgongoni bila kugeuka, na ngoma ikapiga palepale. Mwanangu wa kiume akapiga kelele hadi sauti ikakauka.

Mara upande wa pili wakatoa chatu. Uwanja mzima ukahama. Nilikuwa nimemshika binti yangu mkono, watu wakapita katikati yetu, nikabaki na kanga yake. Nilimwita jina nisijisikie mwenyewe kwa ngoma. Nilisukuma watu, nikakanyaga miguu ya watu, nikamuuliza kila mwenye sare. Mmoja wao akaniambia nisubiri ngoma iishe. Nisubiri! Mtoto wa miaka saba!

Nilimkuta mstari wa mbele kabisa, kwenye mapaja ya bibi mmoja, anatafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, macho kwa chatu.

"Mayu, usilie," bibi akaniambia, yaani mama. "Mtoto wa watu haachwi akakanyagwa." Kisha akamgeukia binti yangu na kumsemesha Kisukuma, maneno mengi, kwa upole. Mtoto akanitazama mimi nimtafsirie.

"Wa wapi nyie?" bibi akauliza.

Nikasema babu yao ni wa Magu. Alinyamaza kidogo, akampa mtoto michembe mingine. Niliumia kuliko nilivyoumia nilipompoteza. Morogoro tunakoishi, mimi na baba yao tunaongea Kisukuma tukitaka watoto wasisikie mambo ya ada na madeni. Lugha ya bibi zao tumeifanya ya kufichia siri, halafu tunashangaa hawaijui.

"Wabeja," yaani asante, binti yangu akamwambia bibi wakati wa kuondoka. Alikuwa amefundishwa hapohapo.

Usiku, gesti, nilimpigia baba simu Magu, maana watoto walitaka kujua babu yao alicheza upande gani. Akasema Bagalu, na mwaka kesho niwapeleke kwake likizo nzima. Nimekubali. Mwanangu wa kiume, aliyeshangilia Bagika mchana kutwa, alikataa kula.