Acha Tui Likatike

Sisi tuliolelewa kwenye majiko ya Pwani tuna amri moja kuhusu tui: likishaingia sufuriani usibanduke, koroga mpaka litokote, lisije likakatika. Mchuzi uliokatika, mafuta juu na majimaji chini, haupelekwi mbele ya mgeni. Lakini chakula cha nazi ninachokipenda kuliko vyote hakiivi mpaka amri hiyo ivunjwe. Ni rendang, nyama ya ng'ombe ya Waminangkabau wa Sumatra Magharibi, kule Indonesia. Na kwa kuwa Idi Kubwa imepita juzi, na majirani hapa South C, Nairobi, bado wananiuliza ile nyama nyeusi niliyowapelekea ilikuwa ya namna gani, nitaieleza yote hapa.

Aliyenifundisha ni mwanamke wa Bukittinggi, mji wa hukohuko Sumatra Magharibi, tuliyekaa naye jengo moja, mumewe akifanya kazi Gigiri. Tulimwita Uni, ndivyo kwao anavyoitwa dada mkubwa. Uni hakupika kwa saa wala kwa kipimo. Mchuzi ulipokuwa umeshakuwa mzito, nyama imelainika, na nyumba nzima inanukia, nami nimeshanyoosha mkono kuchukua sahani, alisema, "Bado, mdogo wangu. Hii ni kalio."

Kwao mambo haya huenda kwa ngazi. Kwanza ni gulai, mchuzi mwepesi wa rangi ya machungwa ambao Mswahili yeyote angeutilia wali akashukuru. Ukiendelea kuupika, maji yakapungua na mafuta yakaanza kuchungulia pembeni, unapata kalio. Ukivumilia hadi maji yote yaishe na nyama ibaki ikikaangika ndani ya mafuta yaliyotoka kwenye nazi yenyewe, ikawa na rangi ya kahawa iliyokaangwa, hapo ndipo rendang. Hakuna tone la mafuta ya kupikia linalotiwa. Rendang nyingi unazoziona kwenye picha za hoteli, zenye mchuzi unaotiririka, kwa Uni zingeitwa kalio. Kalio ni tamu, sina ugomvi nayo, lakini ni chakula kingine.

Kazi hii haikuwa ngeni kwangu. Bibi yangu Malindi alikuwa akipika mafuta ya nazi ya nywele: tui kwenye sufuria, moto wa kuni, maji yanakauka taratibu, mafuta safi yanapanda, na chini yanabaki mashapo ya kahawia ambayo sisi watoto tuliyagombea tukayala na sukari. Hatua ya mwisho ya rendang ni ileile, ila nyama na viungo vimo ndani. Yale mashapo ya kahawia, yaliyokunywa pilipili na mchaichai, ndiyo yanayoigandia nyama.

Tuanze na nyama. Usichukue steki. Nyama laini haiwezi kukaa motoni saa nne. Itavunjika iwe uji. Mimi huomba nyama ya mguu au ya bega, yenye mishipa kidogo, ikatwe vipande vikubwa, sentimita nne hadi tano, kwa sababu itanywea sana. Muuza nyama wetu wa mtaani bado hajazoea.

"Mama, hii itakusumbua. Chukua hii laini."

"Nipe hiyohiyo, kaka. Naipika kuanzia adhuhuri mpaka magharibi."

Kwa kilo moja ya nyama natumia nazi tatu kubwa, na zikiwa ndogo, nne. Nazi nzuri za kukuna utazipata soko la City Park, Parklands, na hapohapo utapata mchaichai mbichi na tangawizi. Itikise nazi usikie maji, na uikague macho yasiwe na ukungu. Nyumbani nakuna kwa mbuzi. Anayetumia blenda sina neno naye, mradi achuje vizuri. Nakamua kasimele, lile tui zito la kwanza, nikaiweka kando, kisha naongeza maji ya uvuguvugu nikakamua tui la pili na la tatu.

Kuhusu tui la kopo na la pakiti, soma maandishi ya nyuma kabla hujalipa. Matui mengi ya dukani yametiwa vigandishi vya kulizuia lisikatike, kwa sababu mnunuzi hapendi kufungua kopo akakuta limejitenga. Kwa mchuzi wa kuku hilo ni jema. Kwa rendang ni balaa: utapika mpaka usiku na mafuta yatakataa kutoka, utabaki na uji mzito unaoshika chini ya sufuria. Tafuta lile lenye nazi na maji tu. Tui la unga siligusi kabisa kwa kazi hii.

Viungo vya kusaga ni hivi: vitunguu vyekundu vidogo gramu 200 hivi, punje nane za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi cha urefu wa kidole gumba, galanga mara mbili ya hapo, na pilipili nyekundu ndefu. Watu wa Padang, mji mkuu wa Sumatra Magharibi, hutia pilipili nyingi ajabu, gramu 200 na zaidi kwa kilo ya nyama. Mimi natia nusu ya hizo, natoa mbegu, maana watoto nao wanakula. Usiache kutia pilipili kabisa, lakini. Nazi iliyokolea hivyo bila ukali hukinaisha kabla hujamaliza sahani.

Galanga ni ndugu yake tangawizi, ila ngozi yake ni nyeupe yenye pete za waridi na harufu yake inakaribia msonobari. Mbichi hupatikana kwenye maduka ya vyakula vya Kiasia, si kila siku. Ninapoipata nanunua nyingi, naikata, naiweka kwenye friza. Usidhani ukizidisha tangawizi utakuwa umeziba pengo. Tangawizi itakupa ukali tu.

Visivyosagwa: mabua matatu ya mchaichai yaliyopondwa kwa mchi, majani matano ya ndimu ile yenye maganda ya makunyanzi, na jani la mmea wa manjano. Hilo la mwisho ndilo Uni alilolililia zaidi Nairobi nzima, mpaka akapanda mzizi wa manjano kwenye ndoo kibarazani. Alipohama aliniachia ile ndoo. Jani lake ni refu na pana, unalifunga fundo unalitumbukiza, na harufu yake ni ya kijani, haifanani na ya unga wa manjano hata kidogo. Yeyote mwenye kibaraza kinachopata jua anaweza kulipanda. Mzizi ni ule ule wa sokoni, mradi uwe mbichi na uwe na vichipukizi. Kwa uchachu wao hutumia asam kandis, tunda lililokaushwa. Mimi natia ukwaju kidogo, nao unatosha. Wengine huongeza karafuu, mdalasini na iliki, na sisi tunavyo vyote kabatini. Karafuu yenyewe asili yake ni visiwa vya Maluku, hukohuko Indonesia, kabla haijafika Zanzibar katika karne ya 19.

Nazi nayo ina safari yake. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2011 uligundua kuwa minazi ya Madagaska na Komoro ina mchanganyiko wa damu ya minazi ya upande wa Pasifiki, na ulihusisha jambo hilo na mabaharia wa Asia ya Kusini-Mashariki, wale wale ambao lugha yao ndiyo mzazi wa Kimalagasi. Nikikuna nazi kwa ajili ya rendang huwa sihisi kama napika chakula cha ugenini.

Sasa moto. Nachukua karai pana, siyo sufuria ndefu, ili mvuke upate pa kutokea. Uni hakukaanga viungo. Wamalaysia wengi hukaanga kwanza na chakula chao kinapendeza, lakini yeye alitia viungo vibichi moja kwa moja kwenye tui, pamoja na majani na mchaichai, akakoroga mpaka likatokota. Hapo ndipo nyama iliingia. Mimi naanza na tui jepesi, kisha kasimele naitia nyama ikishaanza kuiva. Chumvi inangoja mwisho, kwa sababu maji yote yatakauka na chumvi itabaki pale pale.

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na huku maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, hayafiki 100 kama Mombasa. Ndiyo maana maharagwe yetu hayaivi upesi, na ndiyo maana rendang ya Uni iliyomchukua saa tatu na nusu kwao ilichukua karibu saa tano hapa. Usikimbilie preshakuka. Itailainisha nyama kabla tui halijakauka, na ukifika kwenye kukaanga itamomonyoka yote. Acha vyote viwili viende pamoja.

Saa mbili za kwanza unaweza kufua, kusahihisha madaftari ya watoto, kuswali. Unapita tu unakoroga. Baada ya hapo kaa karibu, na utege sikio. Mwanzoni sauti ni ya mapovu makubwa, ya kuchemka kwa kawaida. Mchuzi ukizidi kuwa mzito mapovu yanapasuka kwa uzito, yanaruka, yanachoma mkono. Kisha kwa muda kunakuwa kimya kidogo, na pembeni mwa karai unaona uzi mwembamba wa mafuta mekundu. Tui limekatika. Punguza moto uwe mdogo kabisa. Muda si mrefu inaanza sauti ya tatu, ile ya kitu kinachokaangika, na harufu inabadilika: ile ya mchaichai na majani inarudi nyuma, inatangulia harufu ya nazi iliyokaangwa. Maji yakiwa yameisha, joto sasa linapanda kupita pale lilipokuwa limezuiwa, na hapo tu ndipo rangi inaanza kukolea. Geuza kwa mwiko wa mti, kutoka chini kwenda juu, usipige. Kila dakika chache. Kahawia, kahawia iliyoiva, kisha karibu nyeusi. Ukisikia harufu ya moshi, epua mara moja.

Mwaka 2018, katika shindano moja la upishi la televisheni Uingereza, mshiriki mzaliwa wa Malaysia alitolewa baada ya jaji kusema ngozi ya kuku wake wa rendang haikuwa imekauka ikakatika menoni. Wamalaysia, Waindonesia na Wasingapore walikuja juu kwa pamoja, na walikuwa na haki. Kitu kinachopikwa ndani ya tui kwa saa nyingi ngozi yake itakaukaje? Ninakasirika hadi leo nikilikumbuka. Kabla hujakihukumu chakula cha watu, kwanza ujue wenyewe wanakitaka kiweje.

Na wenyewe walikitaka kidumu. Wanaume wa Kiminangkabau wana desturi ya kwenda mbali kutafuta maisha, huku nyumba na ardhi ya ukoo vikirithiwa kwa upande wa mama, na rendang ndiyo iliyokuwa masurufu ya njiani. Iliyokaushwa vizuri hukaa wiki kadhaa bila friji. Kaka yangu ni dereva wa malori ya kwenda Malaba, na kila safari namfungia kopo. Anasema anakula kwa mkate akiwa kwenye foleni ya mpakani, na kwamba siku ya tatu huwa tamu kuliko ya kwanza. Ni kweli, hata ya kwenye friji.

Kuila, pika wali mweupe. Siyo wali wa nazi, nazi imetosha. Kwenye migahawa ya Kipadang huandamana na majani ya muhogo yaliyochemshwa, hayapondwi wala hayaungwi. Mimi huchukua kisamvu kichanga, nikakichemsha sana, nikamwaga maji, nikakikamua, basi. Uchungu wake mdogo unasafisha mdomo kati ya tonge na tonge. Tango na ndimu pembeni. Nyama ikibaki kidogo, chemsha maharagwe mekundu uyatie mle karaini pamoja na yale mashapo. Hata kwao wapo wanaopika rendang na maharagwe. Mashapo yakibaki peke yake, yafiche. Yachanganye na wali uliolala, kaanga yai, ule kabla wengine hawajaamka.