Siku niliyoenda kula na malapa

Jumamosi nimetoka geto na kaptula na malapa, nywele sijachana, nikaenda kula palepale ninapokulaga kila siku mchana nikiwa kazini, hoteli moja huku Sinza, jina silitaji maana bado nalipenda pilau lao. Nikakaa. Nikaendelea kukaa. Yule dada ambaye Jumatatu mpaka Ijumaa ananiita "bosi wangu karibu, nikuwekee samaki leo?" kanipita mara tatu na jagi la kunawia kama vile mimi ni kiti. Mwisho kaja, hata usoni hajaniangalia: "Kaka hapa tunalipa kabisa."

Wali nyama. "Nyama zimeisha, labda maharage." Haya, buku mbili hiyo hapo.

Sasa kachumbari yenyewe sijachanganya vizuri kaingia jamaa kachomekea, funguo ya gari kaiweka mezani kwa ule mlio wa makusudi (wenye magari mnajijua), kahamishiwa meza ya chini ya feni, meza imefutwa mara mbili na kitambaa ambacho mimi tangu nianze kula pale sijawahi kukiona, na kilicholetwa ni wali nyama. Minofu mitupu, na ndizi mbivu pembeni.

Basi nikaacha kula nikawa naangalia watu tu. Meza ya mlangoni ni ya bodaboda, haijaandikwa popote ila wanaijua, na wao wanatoa hela hata kabla ya kunawa. Mafundi wenye vumbi la saruji wakaambiwa wakae nje "kuna upepo mzuri". Mama mmoja kaomba kuongezewa mchuzi kaambiwa mchuzi unauzwa, huku bwana funguo anamiminiwa wala hajaomba. Boda mmoja jero yake ya chenji kaambiwa utapitia baadae, na hapo nilikuwa naona kabisa sarafu zimejaa kwenye kopo la kaunta.

Ila na sisi wateja tuna mambo yetu jamani, mmoja anagonga meza na kijiko, mwingine "we dada, we dada," na mimi mwenyewe nilipotaka maji nilijikuta nimefanya pssst kama naita paka.

Watu walivyopungua nikamuuliza kwa utani, dada leo umenikataa? Akanitazama vizuri, akaziba mdomo. "Jamani! Sikukujua ulivyovaa hivyo." Halafu akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mtu akila akaondoka bila kulipa anakatwa yeye kwenye posho yake ya siku, na wiki ile alikuwa ameshakatwa sahani tatu. Nikajua ni vijana wa kijiweni. Kumbe ni wababa wa suti, walimuonyesha meseji kwenye simu kwamba wameshalipa kwa lipa namba, yeye ana trei mkononi na watu wanamuita kila kona, akaamini, hela haikuingia mpaka leo.

Nikamwambia sasa si hao ndo uwadai kwanza? Kacheka. "Kaka, nikimwambia mwenye gari alipe kabla hajala anaenda kwa meneja. Boda ataenda kwa nani?"

Jumatatu nimeingia na kitambulisho shingoni. "Bosi wangu karibu!" Nikampa elfu tatu kabla sijakaa, kaipokea huku anaangalia pembeni, akasema leo nyama zipo.