Presha, vidonda, majini: kumbe ni wasiwasi

Wanaonifuatilia humu wamezoea habari za plagi, kabureta na propela zilizopigwa na mawe. Leo mnivumilie, naandika habari za fundi mwenyewe. Wiki iliyopita mteja wangu mmoja, mwenye mitumbwi minne ya dagaa, alinivuta pembeni pale mwaloni Kirumba, soko letu la samaki ufukweni Mwanza, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Fundi, ile hali yako ilikuwaje hasa? Maana na mimi usiku moyo unaruka." Nikamweleza tukiwa tumesimama, katikati ya makelele ya wapakuaji, nikaona maelezo ya kusimama hayamtoshi.

Ilinianza Oktoba 2024. Msije mkadhani nilikuwa na shida kubwa. Mwezi ule ulikuwa mzuri kuliko yote ya mwaka huo: giza, zile siku zisizo na mbalamwezi, lilitoa dagaa, wavuvi walikuwa na hela, na mimi nilikuwa na injini 7 kwenye foleni. Asubuhi moja niliingia ziwani na kijana wangu wa kazi kujaribu injini ya nguvu farasi 15 niliyoibadilisha ringi za pistoni. Ziwa shwari. Tulikuwa tumetoka kama mita 200 tu, nawaona hata mama lishe wanavyopepea mkaa. Injini inaitikia vizuri. Ghafla moyo ukaanza kwenda mbio kama mtu aliyefukuzwa na fisi. Nikadhani ni uchovu. Mara vidole vikaingia ganzi, midomo ikawa inachomachoma, kifua kikabana, navuta hewa naona haiingii. Kijasho chembamba kikanitoka, cha baridi. Kijana ananisemesha, namsikia kwa mbali kama yuko ndani ya pipa. Hapo likanijia wazo moja tu, bila ubishi wowote: nakufa, tena nakufia mikononi mwa mtoto wa watu.

Tulipogusa nchi kavu nilikuwa nimelala ndani ya mtumbwi, juu ya maji yaliyochanganyika na petroli. Bodaboda akatubeba mshikaki, mimi katikati, kijana amenishika kwa nyuma nisidondoke. Hadi tunafika zahanati ile hali ilishapungua, nimebaki na magoti yanayotetemeka na aibu. Wakapima presha, iko juu. Sasa ingekuwaje isiwe juu, kwa mtu aliyekuwa anakufa dakika 20 zilizopita? Nikaandikiwa vidonge vya presha.

Siku 9 baadaye ikarudi, safari hii ndani ya daladala, tumekwama kwenye foleni Mabatini. Ya tatu ikanikuta usingizini, saa nane ya usiku. Niliamka nimeshakaa kitako, nahema. Mahali pengine wakasema vidonda vya tumbo, kwa sababu nilisema tumbo linachafuka. Pengine malaria. Shangazi yangu wa Magu akasema haya si mambo ya hospitali, kuna mtu amezitazama zile injini 7 kwa jicho baya. Nikaacha kwa mganga mbuzi mmoja na shilingi elfu themanini. Baba mdogo yeye akasema ni MV Bukoba, ile meli iliyozama. Ni kweli mwaka 1996 nilikuwa darasa la tatu, na Mei 21 ile kila mtu wa Mwanza wa rika langu anaikumbuka, vilio nyumba kwa nyumba, na hadi leo nikipita makaburi ya Igoma nashusha sauti. Lakini sikupoteza ndugu mle, na nimefanya kazi juu ya maji miaka mingi bila shida. Watu wakiona ugonjwa wanataka na hadithi yake. Wangu haukuwa na hadithi.

Kuna jambo nililigundua baadaye sana. Kote nilikopita sikuwahi kutamka neno wasiwasi. Nilisema moyo, nikasema tumbo, nikasema vidole, nikatibiwa moyo, tumbo na vidole. Lugha yetu yenyewe imeuchukulia kirahisi: acha wasiwasi, toa wasiwasi, kana kwamba unamwambia mtu avue kofia akiingia ndani. Na mwanaume wa ziwani atasimamaje mbele ya daktari aseme naogopa? Anaogopa nini?

Wakati huohuo maisha yakawa yananipungukia bila mimi kujua. Kwenye daladala sikai tena siti ya nyuma, nakaa mlangoni. Mlangoni pakijaa nasubiri nyingine. Kanisani karibu na mlango. Injini nikaacha kuzijaribia ziwani, nikawa nazitumbukiza kwenye pipa la maji hapo gereji, na wateja nawaambia ndiyo utaalamu wa kisasa. Jioni bia mbili za kutuliza, na kweli zinatuliza, ila alfajiri jakamoyo linaamka kabla yangu likiwa na nguvu mpya. Wateja wangu wa Sengerema nikawakimbia kwa visingizio, kwa kuwa kwenda kwao ni kupanda kivuko cha Kigongo na Busisi, na kivuko kikishaondoka hakina mlango wa kushukia. Daraja lilipofunguliwa Juni 2025, wengine walishangilia kuisha kwa foleni ya magari. Mimi nilishangilia kimyakimya kwamba sitapanda kivuko tena.

Aliyelishika jambo hili si daktari, ni mke wangu. Usiku mmoja akaniambia, "Baba Kulwa, wewe huumwi moyo. Mgonjwa wa moyo hahesabu milango." Nilikasirika. Wiki mbili baadaye tulikuwa tumekaa kwenye benchi la hospitali, yeye ameshika kadi yangu kama mzazi aliyempeleka mtoto kliniki.

Dokta yule alikuwa kijana, nikamdharau kidogo. Lakini alianza kama anavyoanza fundi anayejua kazi: hufungui injini kabla hujaangalia petroli na moto wa plagi. Nikabandikwa nyaya kifuani kupima umeme wa moyo. Akataka damu, sukari, na kipimo cha tezi ya shingo. Akaeleza kwamba tezi ile ikifanya kazi kupita kiasi inaweza kukupa mapigo ya mbio, jasho na mikono ya kutetemeka yanayofanana kabisa na haya yangu, na upungufu wa damu nao unaweza kukimbiza moyo. Akauliza nakunywa kahawa kiasi gani. Nikamtajia vikombe vya usiku vya pale mwaloni na vile vinywaji vya kuongeza nguvu, akaandika. Majibu yalipotoka yote safi, akaweka kalamu chini akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Ukiwa katikati ya hali hiyo, unaogopa nini kitatokea?"

Nikamjibu: kufa. Au kurukwa na akili mbele za watu.

"Na isipokuwepo, unaogopa nini?"

Nikakaa kimya. Nikasema: naogopa isije ikarudi.

Akasema hilo ndilo alilokuwa analitafuta. Ile hali ya ghafla inaitwa shambulio la hofu. Hupanda haraka, ndani ya dakika chache, mara nyingi hufika kileleni kabla ya dakika 10, kisha hushuka yenyewe. Mtu anaweza kulipata mara moja maishani likapita. Linakuwa ugonjwa pale yanapojirudia bila kutarajiwa, na ukakaa mwezi au zaidi ukiishi kwa kuogopa jingine, au ukaanza kubadilisha mwenendo wako ili kulikwepa. Nikalikumbuka lile pipa la maji.

Alichonieleza nitakisema kwa lugha ya gereji. Mwili una namna ya kujiandaa na hatari: tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini, moyo unakimbia, damu inaelekezwa kwenye misuli mikubwa, tumbo linasimamisha kazi zake, pumzi zinaongezeka. Ukikutana na kiboko, hiyo ndiyo itakayokuokoa. Sasa fikiria akseleta imevutwa hadi mwisho huku gia iko nyutro. Injini inanguruma, chombo hakiendi popote. Injini si mbovu. Kinachofanya kazi vibaya ni kile kinachoamua lini ivutwe.

Mimi ni mbishi, nikauliza, na hii ganzi je? Akaniambia nipumue haraka kwa nguvu, hapohapo kwenye kiti, akitazama saa. Haikupita dakika moja na nusu vidole vikaanza kuchomachoma, kichwa kikawa chepesi. "Umeona?" akasema. "Na humu ofisini hakuna jini." Ukipumua mno unatoa kabonidayoksaidi nyingi kuliko inavyotakiwa, na kushuka kwake ndiko kunakoleta ganzi na kizunguzungu, hata ile hisia kwamba hewa haitoshi wakati umejaza hewa hadi pomoni. Nilitoka pale nikiwa na hasira ya mbuzi wangu.

Usiku huo nilimsimulia dada yangu mkubwa kwa simu, nikidhani nampa habari ngeni. Akanyamaza, kisha akasema yeye hajawahi kupatwa na shambulio hata moja, lakini hakumbuki lini mara ya mwisho alilala bila kuwaza ada, paa, mtoto aliyeko Geita, na kikohozi cha mjukuu, vyote usiku mmoja. Shingo inakaza kama amebeba ndoo. Anachoka kabla ya kazi, anagombana na watu kwa jambo dogo, akisoma ujumbe lazima aurudie. Kumbe na hiyo ina jina: wasiwasi wa jumla, ule usio na jambo moja, unaokukalia siku nyingi kuliko zisizo nao kwa miezi 6 au zaidi, na huwezi kuuzima hata ukijua unazidisha. Nilimpeleka pia. Yeye walimpa maswali 7 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila swali alama 0 hadi 3, jumla 21. Kuanzia 10 daktari anachimba zaidi. Sitataja alama zake, ataniua. Kijana wangu wa kazi naye nina mashaka naye, maana anaweza kukaa na njaa kutwa kuliko kuingia kwenye mgahawa uliojaa watu na kuagiza chakula. Huo ni mwingine, wa kuogopa macho ya watu. Nimemgusia tu, sijamsukuma.

Shirika la Afya Duniani linasema magonjwa ya wasiwasi ndiyo yaliyoenea kuliko magonjwa mengine yote ya akili. Kwa mwaka 2019 walikadiria watu milioni 301 duniani, na katika kila wanne anayepata tiba ni kama mmoja. Neno akili ndilo linalotukimbiza. Nilipoambiwa nitaonana na watu wa kitengo hicho, ndugu mmoja alicheka akauliza kama nauli ya Dodoma nimeshapata, akimaanisha Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Hakuna aliyenipeleka Dodoma. Hospitali ya Bugando hapo mlimani kuna idara ya magonjwa ya akili, na watu wanaingia na kutoka, wengine wakiwa na tai.

Tiba yangu ilikuwa ya aina mbili. Vidonge vya kila siku, ambavyo nilionywa vinachukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, na wiki ya kwanza nilivilaani kwa kichefuchefu. Na mazungumzo, mara moja kwa wiki, yenye kazi za kufanya nyumbani. Mshauri aliposikia nilivyolifurahia daraja la Busisi, alitikisa kichwa: "Hilo daraja limekuharibia." Maana kila nikikwepa, mwili unajifunza kwamba kweli palikuwa na hatari na kukwepa ndiko kulikoniokoa. Basi tukapanga ngazi. Kwanza kusimama ufukweni, miguu majini. Kisha kukaa ndani ya mtumbwi uliofungwa kamba. Kisha mita 50 na mtu. Kila mara nisikimbie hofu ikianza, nikae nayo hadi ishuke yenyewe. Ya mtumbwi uliofungwa ilinichukua siku 4, na wavuvi walinicheka vizuri tu, fundi mzima amekaa kwenye chombo kisichokwenda kokote kama anasubiri abiria.

Mambo mawili kwa mteja wangu na wengine mtakaokuja kuniuliza. Maumivu ya kifua ya mara ya kwanza msiyaite wasiwasi kwa sababu fundi kaandika. Moyo unaumwa kweli, nendeni mkapimwe. Na vile vidonge vya usingizi vinavyouzwa kimagendo, diazepam na jamii yake, mwacheni daktari aamue. Vinatuliza haraka, ndiyo ubaya wake: mwili unavizoea, unataka vingi zaidi, na kuviacha kwa ghafla nako kuna hatari. Kuna mvuvi tunayemfahamu wengi, hatumsemi, ila siku hizi hashuki ziwani bila navyo.

Mimi sijapona kwa maana ya kusahau. Mwezi uliopita nilipanda kivuko cha Kamanga kwa makusudi tu, sina shughuli ng'ambo, nikanywa chai nikarudi. Juzi Jumanne tulikuwa nje ya Kirumba na injini ya 40, mawimbi kidogo, na vidole vikaanza. Nikazima mashine. Nikaanza kutoa pumzi taratibu, ndefu kuliko ninayovuta, naangalia mawe ya Capri Point kwa mbali. Kijana akanitazama.

"Fundi, turudi?"

"Hapana, ni ile yangu," nikamwambia. "Ngoja kidogo, halafu vuta kamba."