Salamu Maria tano, kisha nageuza

Mimi ni mkaanga maandazi wa Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara zetu zinazoitwa kwa namba. Saa kumi na moja na nusu alfajiri karai liko jikoni, maana bodaboda na watoto wa shule hawasubiri. Nayasema haya mapema ili msije mkadhani anayewasimulia habari za sala ni mtu mwenye nafasi.

Miaka michache iliyopita, baada ya mafungo ya Kwaresima, lile neno la Yesu kwa Petro lilinichoma: "Hamkuweza kukesha pamoja nami hata saa moja?" Nikajiwekea nadhiri ya kusali saa nzima kila usiku, watoto wakishalala. Nilijitahidi siku kumi na moja. Ya kumi na mbili mume wangu alinikuta magoti yako sakafuni, kichwa kitandani, nakoroma. Punje za rozari zilikuwa zimeniachia vidoti shavuni. Basi, nikaacha kabisa. Si saa nzima tu, hata ile ishara ya msalaba ya kulalia niliiacha. Ndivyo nilivyo: nikishindwa kubwa, dogo naliona aibu.

Nilipokwenda kuungama karibu na Noeli, padre mzee aliniuliza, "Mama, nani alikwambia saa nzima? Sali Baba Yetu moja, lakini saa ileile kila siku. Ukimaliza mwezi, njoo tuzungumze habari ya kuongeza." Nilikasirika kidogo. Nilijiona nimepewa kipimo cha mtoto wa komunyo ya kwanza.

Ikabaki kupata hiyo saa. Kengele ya simu nilikuwa naizima nikiwa usingizini. Iliyonisaidia, na sijamwambia padre hadi leo, ni adhana. Msikiti hauko mbali na kwetu. Siku moja nilimuuliza bibi jirani, muadhini wa alfajiri huongeza maneno gani yale ambayo saa nyingine siyasikii. Akacheka. "Anasema sala ni bora kuliko usingizi, mwanangu." Nimezaliwa Tanga, nimeyasikia maisha yangu yote, nikigeukia upande wa pili na kuvuta shuka! Tangu hapo adhana ikianza, miguu iko chini. Jirani zangu wanakwenda kutawadha, mimi naketi kwenye kigoda na Baba Yetu yangu moja, mkaa ukishika moto.

Mwezi ulipoisha sikurudi kwa padre. Sala ilijiongeza yenyewe. Unga nimeukanda usiku kwa hamira kidogo, iliki na tui la nazi, kwa hiyo alfajiri kazi ni kusukuma, kukata na kukaanga, na mdomo hauna kazi. Nikaanza Rozari. Rozari yenyewe sishiki, mikono ina unga, nahesabu kwa vidole. Andazi likishafura, Salamu Maria tano upande mmoja, nageuza, tano upande wa pili, naepua, Atukuzwe Baba. Karai moja, kumi moja la Rozari. Mwanzoni nilijiuliza kama si dharau kumfanya Mama wa Mungu saa ya jikoni. Kisha nikakumbuka kwamba huko Nazareti naye alikuwa na jiko lake, na maandazi yangu yameacha kuungua. Alhamisi nasali matendo ya mwanga, yale aliyoyaongeza kwenye Rozari Papa Yohane Paulo II mwaka 2002. Marehemu mama yangu hakuwahi kuyazoea. Sala ya Malaika wa Bwana ya saa sita mchana bado inanishinda. Saa hiyo niko sokoni nabishania bei ya unga.

Msidhani nasikia utamu. Kuna kipindi cha miezi kama minne nilikuwa nataja maneno tu, moyo mkavu kama kifuu. Nilipomlalamikia padre, alinisimulia habari za Teresa wa Avila, mtawa wa Hispania wa karne ya 16. Huyo naye kwa miaka kadhaa, alipokaa kusali, alikuwa akingojea kwa hamu saa ya sala iishe. Mtakatifu mzima! Hiyo ilinituliza kuliko mahubiri.

Lakini kuna sentensi moja ambayo haikukauka. Nilikuwa sisemezani na wifi yangu tangu msiba wa mama mkwe, kwa sababu ya cherehani. Marehemu alikuwa ameniahidi mimi, wifi akaichukua kabla hata ya arobaini. Sasa kila alfajiri nafika "utusamehe makosa yetu, kama tunavyowasamehe na sisi waliotukosea", na uso wa wifi huo hapo juu ya karai. Ukisali mara mojamoja unaweza kupita hapo bila kujikwaa. Mimi nilikuwa napita hapo kila siku. Nikajaribu kuharakisha, nikajikuta naharakisha palepale kila asubuhi, mpaka binti yangu aliyekuwa ananisaidia kukata akauliza, "Mama, mbona hapo unameza maneno?"

Nilimpigia simu Jumanne moja, mikono bado ina mafuta. Akapokea, kimya kidogo, kisha: "Wifi, umekosea namba?" Nikasema hapana, nimekupigia wewe. Tukaongea habari za mvua, za bei ya sukari, na za mguu wake unaovimba. Cherehani hakuitaja, nami sikuitaja. Bado iko kwake, na kila nikienda naiona pale dirishani imefunikwa kitambaa, haishonewi chochote. Bado inaniuma. Ile sentensi siku hizi naisema polepole.